Divai ya Nanasi Chini ya Kitanda

Mwalimu wangu wa divai anaishi ndani ya simu. Yuko Bordeaux, amevaa koti la sufu, na nyuma yake kuna pango la mawe ambamo, anasema, joto halizidi nyuzi 12. Mimi niko Katuba, chini ya bati, mwezi wa Oktoba. Kwetu nyuzi 12 huja usiku wa Julai, bila kualikwa, na kila mtu huzilaani.

Somo la kwanza: chagua zabibu zako shambani. Zabibu zetu hapa Lubumbashi huvuka Kasumbalesa kwa lori kutoka Afrika Kusini, na ukishaona bei yake dukani unazisalimia kwa heshima, unapita. Nikanunua mananasi. Halafu mwalimu akasema mzabibu lazima ulale majira ya baridi ndipo uzae. Habari hiyo haijafika Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana walipanda mizabibu miaka ya 1950 na wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka.

Hamira niliipata kwa mama muuza maandazi. Hamira haina makuu: inakula sukari, inatoa pombe na gesi, Bordeaux kama Katuba. Gramu 17 za sukari katika lita moja huleta asilimia 1 ya pombe. Hilo mwalimu alilirudia hadi mega zangu zikaisha. Gesi aliitaja kwa mkato. Lakini piga hesabu: gramu 200 kwa lita hutoa gesi karibu lita 50, kwa hiyo bido langu la lita 20 lilikuwa na lita 1,000 za hewa zinazotafuta mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa mrija wa serumu kutoka famasi, ncha moja kwenye kifuniko, nyingine ndani ya chupa ya maji. Blup, blup, usiku kucha. Jirani yetu, bibi aliyelea watoto wake wote kwa kupika lutuku, pombe kali ya kwetu, aliinama, akaweka sikio kwenye bido. "Iko napumua muzuri, papa. Usiifunge kinywa."

Aliyeifunga ni mguu wa kitanda. Mpwa wangu alisogeza kitanda ili waya wa chaja ufike, mguu ukakaa juu ya mrija, naye akaenda zake mpirani. Asubuhi ya Jumapili bido lilikuwa limevimba tumbo kama mheshimiwa. Mama mkwe aliingia kuchukua kitabu cha nyimbo, kikwembe kipya kiunoni, na kifuniko kikachagua dakika hiyohiyo kuruka. Alikwenda misa hivyohivyo, maana kengele ilishapigwa. Waimbaji wenzake wa sauti ya pili walimwachia benchi zima, na padre, wanasema, alimtazama sana wakati wa mahubiri.

Jioni ileile nilikuwa na mtihani wa harufu. Chumba kizima kinanuka nanasi, na simu inaniuliza nachagua nini: uyoga wa msituni, majani yaliyoloa, au ngozi ya tandiko la farasi. Nanasi lilikuwepo pia, mwisho kabisa, chini ya kichwa "matunda ya kigeni". Umeme ulikuwa umekatika, betri imebaki asilimia 3. Farasi sijawahi kumkaribia. Nikabonyeza tandiko.

Nimefaulu. Cheti kimekuja, kina muhuri wa dhahabu, na mama mkwe amekataza kisitundikwe sebuleni.