Namna ya Kuingia Nyumba ya Marafiki, Flushing

Panda treni namba 7 hadi kituo cha mwisho, Flushing, upande wa Queens jijini New York. Pita kwenye maduka ya Wachina bila kuingia, kama unaweza, kisha fuata Main Street kuelekea kaskazini hadi Northern Boulevard. Ukiona jengo kuukuu la mbao limeipa barabara mgongo, umefika. Usihangaike kubisha huko nyuma. Zunguka: mbele yake ni kusini, kwenye bustani na makaburi.

Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, walilijenga mwaka 1694, New York ikiwa koloni la Uingereza. Ndani usitafute madhabahu, msalaba wala mimbari. Kuna mabenchi, na juu yake mihimili ya mwaloni iliyochongwa kwa mkono. Mchungaji pia usimtafute, hayupo. Wahi, kwa maana hakuna wimbo wa kufungulia wa kukusitiri ukichelewa, na kikohozi kimalizie nje.

Kama umelelewa katika Kanisa la Marafiki magharibi mwa Kenya, nchi yenye Quaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani, utakaa ukingoja kwaya. Usingoje. Wamarekani watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka katika tawi lenye wachungaji na nyimbo. Hawa wa Flushing walibaki na kimya. Ibada ilishaanza pale mtu wa kwanza alipoketi, na itaendelea kama saa nzima. Ukisukumwa moyoni kusema neno, simama, liseme, keti. Aliyezoea kusema "kwa hayo machache" kisha akaongeza nusu saa, afanye mazoezi nyumbani kwanza.

Kimya hicho kitumie vizuri. Wakumbuke watu 30.

Kabla ya Waingereza, mji huu ulikuwa chini ya Waholanzi, na gavana wao Peter Stuyvesant alipiga marufuku mikutano ya Quaker na kumtoza faini yeyote aliyewakaribisha. Tarehe 27 Desemba 1657, wakazi 30 wa Flushing walitia sahihi barua ya kumkatalia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Quaker! Walikuwa wakitetea dini ya jirani, tena wakawataja Wayahudi na Waturuki, yaani Waislamu, kuwa nao wasidhulumiwe. Edward Hart, karani wa mji aliyeiandika, alitiwa ndani. Mimi sijui barua ya mji mdogo inayonigusa kuliko hii.

Gavana hakulegea. Mwaka 1662 alimkamata John Bowne kwa kuruhusu Marafiki wasali nyumbani kwake. Bowne akagoma kulipa faini, akafukuzwa koloni, akavuka bahari hadi Uholanzi na kupeleka kesi yake mbele ya wakuu wa kampuni iliyomwajiri gavana. Mwaka 1663 wakuu hao walimwandikia Stuyvesant aache kuwabughudhi watu kwa imani yao. Bowne alirudi, na miaka 30 baadaye akawa miongoni mwa waliosimamisha nyumba hii. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani askari wa Uingereza waliifanya gereza, hospitali na ghala la majani makavu. Vita vilipokwisha, Marafiki wakarudi kwenye mabenchi yao.

Ukiona watu wanapeana mikono, ibada imefungwa. Mpe jirani wako mkono nawe. Makaburini usipoteze muda kutafuta jiwe la Bowne. Amezikwa humo, lakini Quaker wa zama zake waliona mawe ya makaburi kuwa majivuno.

Kisha rudi kwenu. Siku utakaposikia msikiti, kanisa au hekalu la watu usiosali nao linafungiwa, usiulize ni la nani. Tafuta karatasi, kusanya majirani, tia sahihi yako.