Mtoto Aje na Wazazi Wote Wawili

Dar es Salaam ina msimu ambao watabiri wa hali ya hewa hawautangazi. Unaanza Oktoba, sambamba na vuli, ila vuli yenyewe inaweza ikaghairi isije. Huu haughairi. Ni msimu wa mabango ya shule. Yanapigiliwa kwenye nguzo za umeme, kwenye miembe, kwenye ukuta wa kanisa na kwenye kibanda cha fundi viatu ambaye hata ruhusa hakuombwa. Kila bango lina basi la njano, mtoto anayecheka huku akikosa jino la mbele, na maneno yale yale: nafasi zilizobaki ni chache. Iko shule moja njia ya kwetu ambayo nafasi zake zimekuwa chache tangu msingi wa jengo ulipochimbwa.

Mwaka huu msimu umenikuta na mtoto. Kitinda mimba wetu anatimiza miaka sita, na Januari anatakiwa darasa la kwanza. Kwa maandishi, jambo lenyewe ni jepesi. Tangu Januari 2016 elimu ni bila malipo kuanzia awali hadi kidato cha nne. Unakwenda shule ya mtaani na cheti cha kuzaliwa, jina linaandikwa kwenye daftari, mnaagana. Na wepesi huo ndio uliosababisha wazo likataliwe nyumbani kwangu.

"Kama kuandikisha ni dakika tano," alisema mama watoto, "hebu fikiria kufundisha ni dakika ngapi."

Mimi niliandikishwa kwa sikio. Vijana hawanielewi nikisema hivyo, kwa hiyo naeleza. Mwalimu alikuwa anakuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, umeshatimiza miaka saba, ingia darasani. Usipolifikia, rudi nyumbani ukale ugali mwaka mmoja zaidi. Hakuna fomu, hakuna picha za pasipoti, hakuna aliyemuuliza baba yangu anafanya kazi wapi. Alikuwa shambani na wala hakujua kwamba siku hiyo nimeandikishwa.

Kwa haki, sikuacha kwenda kuiangalia hiyo shule ya serikali, ambayo mjini hapa tunaiita Kayumba, na wenye dharau huongeza utakatifu mbele. Mwongozo unataka wanafunzi 45 kwa darasa. Darasa la kwanza nililochungulia lilikuwa limeuvuka mwongozo huo zaidi ya mara mbili, benchi moja watoto wanne, wa tano akiwa ameegemea. Mwalimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti iliyoanza kukwama tangu Jumatatu. Nikamuuliza swali moja tu: nani atamfundisha mtoto wangu kusoma?

"Mimi," alisema. "Hawa wa mbele mpaka Novemba watakuwa wanasoma. Wa katikati watasoma darasa la pili. Wa nyuma, baba, nawaombea."

Jibu hilo lilinitisha, lakini nawaomba mlikumbuke, kwa sababu ni la mwisho lililonyooka katika habari hii.

Hofu ya mama watoto ina mizizi. Miaka saba mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili na anajua vizuri moyo unavyosukuma damu. Anaingia kidato cha kwanza, moyo ule ule unasukuma damu ile ile kwa Kiingereza, naye hajui tena hata ulipo. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaipunguza shule ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Maana yake mshtuko huo utatufikia mwaka mmoja mapema. Ndiyo sababu watu wanauza viwanja ili mtoto auzoee moyo wa Kiingereza angali mdogo. Shemeji yangu ni mwalimu wa Kayumba mwaka wa ishirini sasa, mtu wa kuitetea shule ya umma mpaka mishipa ya shingo imsimame. Wanawe wote wako Ingilishi midiamu. Nilipomuuliza akaniambia nisichanganye kazi na familia.

Ukoo ulikutana kwa simu. Mmoja akazitaja shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, Olympio na Diamond za Upanga. Wanaozitaka ni wengi, na kwetu kila mtu alikuwa na mtu anayemjua mtu, ila hakuna hata mmoja wa watu hao aliyepatikana hewani. Mwingine akapendekeza bweni. Ikabidi akumbushwe kwamba mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mama mkwe alishukuru Mungu. Mimi nilisikitika kimya kimya.

Zamani angalau kulikuwa na orodha ya shule kumi bora. Baraza la Mitihani liliacha kuitangaza miaka michache iliyopita, na sioni kosa lake, maana haikuwa haki kushindanisha shule yenye maabara na shule isiyo na paa. Lakini pengo halikukaa wazi. Sasa kila shule inajitangaza yenyewe. Hii ya kwanza katika kata, ile ya kwanza katika kanda, nyingine ya kwanza kati ya shule zenye watahiniwa chini ya arobaini zilizo upande wa kushoto wa barabara. Sijawahi kuona bango la shule ya pili.

Basi tukanunua fomu ya shule moja ya Ingilishi midiamu. Nasema tukanunua kwa sababu karatasi ile ni elfu thelathini, hairudishwi, na ina ukurasa mmoja mbele na mmoja nyuma. Humo waliomba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, picha nne na cheti cha kuhitimu chekechea. Cheti tunacho. Sera inataka mwaka mmoja wa elimu ya awali. Chekechea ya mtaani kwetu ina bebi klasi, midoklasi na pre-yuniti, miaka mitatu mizima, na mwishoni kuna mahafali yenye keki, mshereheshaji na mchango wa wazazi. Katika ukoo wetu mtu wa kwanza kuvaa joho ana miaka mitano. Bibi yake alilia kwa furaha na akauliza kijana ataajiriwa wapi.

Kisha ikaja barua ya usaili: mtoto aje na wazazi wote wawili, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nilidhani sisi ni wasindikizaji. Tulipofika, mtoto akapelekwa chumba hiki, sisi chumba kile, nikakalishwa mbele ya meza yenye watu watatu na chupa za maji. Ninafanya kazi gani? Mwajiri ni nani? Nyumba ni yangu au nimepanga? Usafiri? Nyumbani tunazungumza lugha gani? Mama watoto alijibu kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho katika ndoa yetu sijawahi kukisikia. Mimi nikasema Kiswahili, na Kihehe tukikasirika. Yule wa katikati akaandika kitu kirefu kuliko nilichokisema.

Huko kwa mtoto walimwonyesha picha ya nyumba ya barafu, zile wanazojenga watu wa kaskazini ya mbali. Mtoto wa Mbagala, mzaliwa wa joto la nyuzi 33, akaitazama kwa makini na kujibu, "Banda la kuku." Akaulizwa tena kwa Kiingereza. Akajibu tena kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mwalimu ndiye hasikii. Kwenye ripoti wakaandika kwamba msamiati wake ni hafifu. Nilitaka kuuliza mara ya mwisho mwalimu mwenyewe alilala lini kwenye barafu, lakini nilikanyagwa mguu chini ya meza.

Baada ya usaili, mkurugenzi akatukusanya wazazi chini ya turubai. Alitueleza kwa fahari kwamba yeye alisoma shule ya msingi ya kijijini, peku, chini ya mti, akishika ufagio wa chelewa asubuhi na jembe jioni, na kwamba shule ile ndiyo iliyomfanya awe mtu. Tukampigia makofi. Kisha akatupa namba ya akaunti.

Orodha ya mahitaji ilikuja imebanwa na ada, ili maumivu yaingie kwa pamoja. Ada kwa awamu nne, zote kabla hujapumua. Madaftari yenye nembo, yanapatikana ofisini tu. Sare za darasani, za michezo na za Ijumaa, nazo ofisini tu. Sweta mbili. Narudia: sweta mbili, Dar es Salaam, mwezi Januari, wakati hata mbuzi wanagombania kivuli. Nilipouliza, nikaambiwa ni kwa ajili ya mwonekano. Na rimu mbili za karatasi kwa kila mtoto. Shule inajivunia watoto mia sita. Nikapiga hesabu kwenye simu: rimu 1,200, karatasi laki sita kwa mwaka. Kwa karatasi hizo unaweza kuandika upya sheria zote za nchi, na ukabakiza za kufungia vitumbua.

Basi la njano, lile la kwenye bango, litampitia saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Shule iko umbali wa kilomita sita. Nikauliza muda wote huo basi linakuwa wapi. Linazunguka, wakasema, linakusanya wenzake. Kwa hiyo mtoto wangu ataanza kila siku kwa utalii wa Temeke yote gizani, akiwa amelala na sweta lake. Wa Kayumba, ambaye shule haiko mbali, anaamka jua likichungulia. Na yule anayepanda daladala kwa nauli ya mwanafunzi, shilingi 200, anasimama kituoni konda akipaza sauti kwamba madenti ni wawili tu, wengine wasubiri gari la nyuma, ambalo nalo lina konda.

Nikaona sasa ni zamu yangu kuuliza. Kila mtu anajua kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Nikamuuliza dada wa mapokezi swali lile lile nililomuuliza mwalimu wa Kayumba. Nani atamfundisha mtoto wangu kusoma?

Akanipeleka kuona bwawa la kuogelea. Lilikuwa na vigae vizuri na halikuwa na maji.

Nikarudia swali. Akasema walimu wao wote ni wazoefu. Nikamuuliza huyo mzoefu wa darasa la kwanza ni yupi, nimsalimie tu. Akatazama kalenda.

"Tunaajiri Januari," alisema.

Hapo ndipo nilipopata hasira ya maana. Wamepima mshahara wangu, Kiingereza cha mke wangu na ujuzi wa mtoto kuhusu barafu. Sisi nasi wazazi tumepima basi, sweta na rangi ya geti, maana ndivyo vinavyoonekana ukiwa barabarani. Kitu pekee ambacho hakuna aliyekipima, wala anayeona haja ya kukipima, ni mtu atakayesimama mbele ya mtoto na chaki. Wa Kayumba yupo, jina lake nalijua, ila ana watoto mia na ushee na sauti moja. Wa kulipia ana chumba kizuri chenye feni, ila yeye mwenyewe bado hajapatikana.

Mama watoto anataka tulipe awamu ya kwanza kabla nafasi chache hazijaisha. Mimi nimekataa mpaka taratibu zangu zikamilike, kwa sababu sasa na mimi nina fomu. Nimeichapisha steshenari, ukurasa mmoja mbele, mmoja nyuma. Inauliza: darasa lina watoto wangapi? Vyoo ni vingapi, na vina maji au vina vigae tu? Mwalimu wa darasa la kwanza amefundisha watoto wadogo kwa muda gani, na kati yao wangapi walimaliza mwaka wakisoma ukurasa mzima bila kuotea? Mshahara wake unalipwa tarehe ngapi, na unalipwa kweli? Iambatishwe picha ya mwalimu, si ya basi.

Usaili utafanyika sebuleni kwangu Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mwalimu afike kwa wakati, na aje na wazazi wote wawili.