Mkuku wa Mpakani

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mmeegesha?"

Tanga limejaa upepo hadi kamba zinalia, shemeji ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama dereva anayeshuka Kitonga na kontena, na mashua haiendi popote. Mzee anatupita kwa miguu. Maji yamemfika mapajani, wavu uko begani, suruali ameivua akaizungushia shingoni kama skafu.

"Hatujaegesha, mzee. Tunakwenda."

"Haya. Mkifika mnisalimie."

Hapo ni Ziwa Rukwa, upande wa Momba, na tangu tuondoke mwaloni tulikuwa tumesafiri mita zisizozidi themanini.

Mashua yenyewe niliipata Tunduma. Mimi ni wakala wa forodha, na mtu akikaa na kazi hiyo anafika mahali hashangai tena: shaba ya Kongo inashuka, magari ya mitumba yanapanda, na kila kitu kilichotengenezwa na binadamu hatimaye kitapita pale kikiwa juu ya lori. Lakini mashua ya tanga juu ya tela, katikati ya foleni ya malori, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, hiyo ilinitoa ofisini. Mwenyewe alikuwa mgeni wa kutoka mbali, anaipeleka Mpulungu, Zambia, akatanue Ziwa Tanganyika. Karatasi yake moja alikuwa ameisahau katika nchi nyingine. Siku ya kwanza alipiga picha za foleni. Siku ya tatu alikuwa ameshajua bei ya maji ya kunywa kwa kila kibanda. Siku ya tano akaniuliza kama namfahamu mtu anayehitaji mashua.

Nilimfahamu. (Ushuru nililipa wote na risiti ninayo. Nalisema mapema kwa sababu najua wanaonisoma ni watu wa mpakani.)

Mama watoto alizunguka lile tela mara mbili, mikono kiunoni. "Bahari iko wapi?" akauliza. Nikamwambia bahari si lazima, mkoa wetu wa Songwe una ziwa. Akasema, "Haya," ile "haya" ambayo wenye ndoa wanaijua.

Ziwa tunalo kweli, ila nilisahau kuuliza ni ziwa la namna gani. Ziwa Tanganyika, ambako mashua ile ilikuwa inakwenda, lina kina cha mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani. Ziwa Nyasa, hapo Kyela, linakaribia mita 700. Rukwa limelala katikati ya majirani hao kama sinia. Kina chake ni mita chache tu, halina mto wa kutokea, na tope lote linaloletwa na Songwe, Momba na mito mingine linabaki humo humo. Ukubwa wake wenyewe hautabiriki: mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 50, miaka kumi baadaye ukakaribia 130. Ziwa linalonenepa na kukonda hivyo, mtu mwenye akili anakwenda kulitazama kwanza. Mimi nilikwenda na mashua moja kwa moja, tukipitia Mlowo hadi Kamsamba, nyuma ya pikapu ya kukodi, watoto wa kila kijiji wakitukimbilia kuuliza kama ni ndege.

Chini ya mashua kulikuwa na mkuku wa chuma cha kusubu, umbo la pezi la papa, na kuanzia usawa wa maji hadi ncha yake nilipima sentimita 140. Mzee aliyetupita alikuwa na maji mapajani. Hesabu ifanyeni wenyewe.

Tukairudisha Tunduma. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa malori, mtu anayenyoosha chasisi iliyopinda huku anakula kande. Akajilaza chini, akaugonga mkuku kwa spana, akasikiliza.

"Bosi, hii kazi yake nini?"

Nikamweleza kama nilivyoelewa. Upepo ukilipiga tanga kwa ubavu unataka kuisukuma mashua kwa ubavu. Mkuku unakatalia majini, basi mashua inalazimika kwenda mbele. Halafu ule uzito wa chini unaizuia isilale.

"Ah," akasema. "Kama kontena tupu kwenye upepo wa Makambako. Ukitoa mzigo, linalala."

"Ndiyo."

"Na wewe unataka tuutoe mzigo."

"Tuupunguze."

Akanitazama kwa muda, kisha akawasha grenda. Chuma cha kusubu si cha kuchezea: ukikipasha moto vibaya kinapasuka kama sahani, kwa hiyo alikataa kabisa kuchomelea, akakata taratibu huku utingo wake anamwagia maji. Diski saba ziliisha. Jioni kipande kikaanguka chini kwa kishindo, na mafundi wa gereji nzima wakapiga makofi, hata wasiojua kimetoka wapi.

Hapo ndipo nilipojifanya msomi. Nilikuwa nimesoma habari za Australia II, mashua iliyolinyakua Kombe la Amerika mwaka 1983 huko Newport, Marekani, baada ya Wamarekani kulishikilia kwa miaka 132. Msanifu wake, Ben Lexcen, aliufanya mkuku mfupi akauwekea mabawa mawili, na kila mashua ilipotolewa majini walilizungushia tumbo lake mapazia watu wasione. Mabawa hayo yanasaidia mkuku mfupi ufanye kazi ya mrefu. Nikamchorea fundi kwenye boksi la vipuri.

"Mabawa?" akasema. "Hapa kuna springi za tela."

Akachagua springi mbili za Scania, zile zilizojikunja kidogo, akatoboa matundu, akazifunga kwa bolti na nati, moja kulia na moja kushoto. Nakiri zilipendeza. Nikanunua shuka mbili za bluu nikazizungushia, kwa heshima ya Lexcen. Majirani wakaamini nimeficha bidhaa.

Safari ya pili tulifika mbali kuliko ya kwanza. Mashua ilikimbia, shemeji akaanza kuimba, nikamwona mamba amelala ukingoni na hata sikuogopa. Kisha tukasimama kama tuliovutwa mguu na mtu.

Mashua ya kawaida ikipwelewa kuna ujanja wa kale: unailaza ubavu, mkuku unanyanyuka, inateleza. Shemeji na mimi tukahamia upande mmoja tukaning'inia. Mkuku wenye mabawa ukiulaza hauinuki. Bawa moja ndilo linalozama zaidi. Kila tulivyojitahidi ndivyo springi ya Scania ilivyochimba tope la Rukwa, na lile tope lilikuwa na nia ya kubaki na kitu chetu. Tulikuwa tumetengeneza nanga, tena nanga bora, iliyofungwa kwa bolti.

Yule mzee akatokea. Safari hii alikuwa kwenye mtumbwi, amesimama na upondo.

"Leo mmeegesha," akasema. Hakuuliza.

Alitufungulia bolti yeye na wajukuu zake wawili, wakizama kwa zamu na spana yangu namba 24. Niliuliza habari za mamba. "Wapo," akasema, "ila saa hizi wako upande ule." Hakusema upande gani. Springi ziko humo hadi leo. Atakayezivua azihesabu zake.

Tukarudi nyumbani na mkuku wa kibogoyo. Safari ya tatu nitaieleza kwa ufupi kwa sababu shemeji bado hataki itajwe. Mashua haikugusa chini hata mara moja. Ila pua ilielekea kaskazini na mwili ukaenda magharibi, kwa ubavu, kama kaa, na kila upepo ulipoongezeka ililala hadi tanga likachota maji. Tukatua kijiji ambacho hatukukikusudia, kwenye shamba la mpunga la mtu. Ikabidi tutafute farumi ya kuituliza: tukajaza mchanga kwenye viroba vya mbolea, sita, tukavipanga ndani. Ikatulia vizuri sana. Ikatulia hadi chini. Uzito wote tuliokuwa tumeutoa Tunduma kwa diski saba tulikuwa tumeurudisha kwa koleo.

Baadaye nilisoma kwamba Waholanzi, ambao maji yao ni ya kina kifupi kama yetu, walilimaliza jambo hili karne nyingi zilizopita: wananing'iniza mbao mbili ubavuni, wanashusha ile ya upande unakoelekea upepo, wakifika penye tope wanaivuta juu. Mbao mbili na kamba! Nilimpigia fundi simu usiku huo huo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia kile kipande cha mkuku sasa ndicho fuawe yao, wananyooshea springi, na kama nakitaka nikakate kingine.

Mashua iliwekwa uani, juu ya matairi manne ya lori. Kuku mmoja mweupe akaichukua, akatagia pale alipokuwa anakaa shemeji. Mwezi wa Februari mvua ilinyesha usiku kucha, mtaro wa barabarani ukaziba kwa taka, na maji yakaingia uani hadi magotini. Alfajiri nilisikia kitu kinagonga ukuta taratibu. Nikatoka na tochi. Mashua ilikuwa imetoka juu ya matairi na inaelea, imenyooka kabisa, haigusi chini, kuku ndani amekaa juu ya mayai yake kama nahodha.

Mama watoto akafungua dirisha.

"Inaondoka saa ngapi?" akauliza.