Gramu 115

Katibu wa kwaya aliingia dukani kwangu Mwanjelwa Jumatatu asubuhi, mkononi flashi moja, mdomoni masharti matatu. Mabango 40. Ukubwa wa A1. Na karatasi iwe ya kung'aa lakini nyepesi, "siyo kama zile za mwaka jana, kaka."

Za mwaka jana nazikumbuka. Nilimchapia kwenye karatasi nzito ya gramu 190 kwa mita ya mraba nikajiona nimemtendea haki. Vijana wake wakayabandika kwa uji wa ngano kwenye kuta za Kabwe na Soweto. Sasa karatasi nzito iliyokaa kwenye roli miezi minne ina akili yake: ukiinyoosha inatulia, inasubiri ugeuke, kisha inajikunja kurudi ilikotoka. Uji hauiwezi. Saa kumi jioni sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeshajiviringisha pembeni, na mvua ya Mbeya, ambayo haijawahi kukosa shughuli ya mtu, ikamalizana na besi. Karatasi nyepesi inalowa, inalegea, inakubali ukuta. Hilo katibu analijua kuliko mimi mwenye mashine.

Nikaanza kutafuta. Duka la kwanza la stesheneri nilimwambia dada wa kaunta nataka karatasi za posta. Akanyoosha mkono barabarani: "Posta panda bajaji, kaka, si mbali." Duka la pili wakaniuliza rimu ngapi. La tatu wakanitolea pakiti ya karatasi za picha, kila moja ukubwa wa kiganja. Nikasema mama, mimi nachapa bango la mita karibu nzima kwenda juu. Akaitazama pakiti, akanitazama mimi. "Si unaziunganisha?"

Shemeji yangu akapiga simu kutoka Iringa: kwao Miyomboni zipo, ameziona kwa macho yake. Nikapanda basi.

Safari hiyo ndiyo iliyonitia uchungu. Ukishaiacha Makambako unaanza kukutana na mipaina, na ukifika Mafinga huoni kingine. Sao Hill ni shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Malori ya mbao na nguzo yanatupita, nasi tunayapita, konda anatema maganda ya karanga dirishani. Na huko ndani Mufindi, Mgololo, kando ya reli ya TAZARA, kuna kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kimejengwa kwa uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Enzi zile mipango ilikuwa hadi karatasi za kuandikia na za magazeti zitoke humo. Siku hizi kinatoa karatasi ngumu za kahawia, za mifuko na maboksi. Si kosa, saruji nayo inahitaji nguo. Ila bango la kahawia kwaya haiwezi kulikubali, nimeshauliza.

Na huo mng'ao wenyewe si uchawi wa Ulaya. Ni udongo, mara nyingi kaolini, unapakwa juu ya karatasi na kusuguliwa na marola mpaka uteleze. Kaolini tunayo Pugu, nje kidogo tu ya Dar es Salaam. Miti huku, udongo kule, na karatasi tunaisubiri kutoka China. Waliosema penye miti hapana wajenzi hawakuwahi kupita Mafinga: wajenzi wapo tele, ila wote wanajenga paa.

Miyomboni nikaingia na heshima zangu zote. "Kamwene." "Kamwene, karibu." Zikatolewa: karatasi bapa, kubwa, gramu 115, nyembamba hata ukiitikisa inalia kama bati dogo. Moja ya A1 haifiki gramu 58. Nikanunua 50. Kwenye basi konda akataka kuzilaza kwenye buti chini ya viazi. Nikamwambia kiongozi, hizi nazipakata. Nikazipakata mpaka Mbeya, nusu siku, kama mtoto mwenye surua.

Usiku nikailisha plota karatasi ya kwanza. Hapa lawama ni zangu. Karatasi ile ni ya mitambo ya chapa, yenye wino wa mafuta unaokaa juu. Plota yangu inarusha wino wa maji, unaotaka karatasi iliyopakwa dawa ya kuunywa. Wino ukasimama juu ya ule mng'ao kama umande kwenye jani la chai. Dakika tano nzima haukukauka. Nilipoinua karatasi kuitundika, mustachi wa mwalimu wa kwaya ukashuka taratibu, ukapita mdomo, ukapita kidevu, ukaenda kutulia kwenye tai.

Ikabaki Kariakoo. Nikampigia muuzaji mmoja: una roli ya inchi 36, glosi ya plota, nyepesi?

"Mzigo upo, bosi."

"Gramu ngapi?"

"Nyepesi, bosi."

"Nauliza gramu ngapi."

"Nyepesi kabisa. Mtu mmoja anabeba."

Nikatuma hela. Kifurushi kikapanda Kitonga na basi la usiku, nikalipa nauli yake stendi, nikakifungua hapo hapo kwa ufunguo wa nyumba. Kwenye boksi imeandikwa 190. Kilichokuwa chema kwenye mzigo ule ni karatasi ya kufungia: ya kahawia, ngumu, haikuchanika hata pembe. Mke wangu ameshaifunikia madaftari ya watoto.

Uzinduzi wa albamu ni Jumapili ijayo na katibu anapita dukani kila siku, hasemi kitu, anaangalia plota tu. Basi ndugu msomaji, kuanzia Tunduma mpaka Ipogolo, kama unayo roli ya inchi 36, glosi ya wino wa maji, gramu 115, hata 120 nitaipokea, ipandishe gari la Mbeya. Ila kabla hujanipigia, hizo gramu zisome kwenye boksi wewe mwenyewe.