Kusoma Hisabati Peke Yako Bila Kudhurika

Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na kila mtu akishamaliza kuulizia ya mtoto wa jirani, hujitokeza watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wakaapa kwamba mwaka huu wanairudia hisabati. Hakuna mwalimu, hakuna twisheni. Ni mtu, simu yake na nia. Mmoja anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwingine amechoka kwenda chooni kila mtoto wa darasa la sita anapofungua daftari.

Mwongozo huu umeandikwa kuwalinda watu hao. Hisabati ikishamwingia mtu haitoki kirahisi, na madhara yake nitayaeleza huko mbele. Bahati nzuri zipo njia nyingi za kuisoma miaka na miaka bila kuigusa.

Anza na vifaa. Nunua daftari kubwa la jalada gumu, kalamu za rangi nne na bikari mpya, kisha usiandike chochote mpaka upate mwandiko unaolistahili daftari hilo. Panga ratiba: saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, kila siku, Jumapili ikiwemo. Ratiba ya namna hii hufa Jumatano, na wewe unarudi kwenye maisha yako ukiwa na dhamiri safi. Anayejipangia nusu saa baada ya chakula cha jioni ni wa kuogopwa. Huyo anaweza kufika Desemba.

Kisha chagua pa kuanzia, na usithubutu kurudi nyuma. Hesabu za sehemu ni za shule ya msingi, wewe una ndevu. Anza na kalkulasi, maana ndiyo yenye heshima ukiitaja mbele za watu. Ukiulizwa nusu jumlisha theluthi, jumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, upate 2/5, wala usijiulize imekuwaje uongeze kitu juu ya nusu ukapata pungufu ya nusu. Atakayekukumbusha Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), kwamba 3/6 na 2/6 ni 5/6, mwambie hayo uliyaacha zamani. (Kwa siri: wengi wanaosema kalkulasi imewashinda hawajawahi kuifikia. Walikwama njiani, kwenye sehemu mbili zenye asili tofauti zilizojibanza ndani ya swali.)

Ngao yako kuu ni video. Mwalimu wa YouTube anaandika vizuri, anazungumza taratibu, na kila hatua wewe unatikisa kichwa kukubali. Unajisikia umeelewa, na kwa kweli umeelewa, ila ulichoelewa ni kwamba yeye anajua. Sasa sikiliza vizuri: video ikiisha, usichukue karatasi tupu ujaribu swali lilelile bila kuchungulia. Ukijaribu utakwama mstari wa pili, mstari ambao dakika moja iliyopita ulikuwa wazi kama mchana, na ndipo utagundua ni kitu gani hasa hukijui. Maambukizi mengi huanzia hapo. Iache video inayofuata ianze. Hujianzisha yenyewe, hata hilo wamekurahisishia.

Swali likikataa, lipige picha. Zipo programu za simu zinazousoma mlinganyo kwa kamera na kukupangia hatua zote hadi jibu. Kama unatumia kitabu, majibu yako nyuma, na kidole kinajua njia. Muda wa kuvumilia kabla ya kuchungulia usizidi kuhesabu moja hadi tano. Hatari ya kukaa na swali jioni nzima ni kwamba hata usipolipata, ukija kuliona jibu lake utajua limetibu kidonda gani, na jibu la aina hiyo halisahauliki.

Hasa usiijaribu kanuni kwa namba. Umekariri kwamba (a + b)² ni a² + b²? Iache ilivyo, imekaa vizuri, inapendeza macho. Ukiweka 3 na 4 tu, upande mmoja utakupa 49 na mwingine 25, na jioni yako itakuwa imeharibika. Utataka kujua hizo 24 zimepotelea wapi. Utachora mraba wenye upande wa 7, utaukata penye 3 na 4 kwa urefu na kwa upana, na utakuta mistatili miwili ya 3 kwa 4 imekaa kwenye kona, haina aliyeihesabu. Kuanzia siku hiyo 2ab hutaisahau hata ukilipwa.

Ikiwa ni lazima ufanye mazoezi, fanya ya aina moja mfululizo: leo maswali ishirini ya asilimia, kesho ishirini ya pembetatu. Kufikia la nne mkono unajiendea wenyewe. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, waliwapa wanafunzi wa chuo hesabu za ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya umbo baada ya umbo, jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na waliochanganyiwa 60. Furaha yote ilikuwa upande wa kwanza. Wiki moja baadaye wakapewa jaribio: kundi la kwanza likapata 20, waliochanganyiwa 63. Mantiki yake haihitaji maabara. Ukiwa kwenye ukurasa wa ujazo wa pia, kichwa cha habari kimeshakuambia utumie kanuni gani. Mtihani haukuambii, na kuchagua kanuni ndiyo nusu ya kazi. Kwa hiyo ishia kwenye zile 89, zifurahie, na usijipime baada ya wiki. Ile mitihani iliyopita ya NECTA, ambayo imechanganya kila mada bila huruma, ipakue yote, ipange kwa miaka, na uihifadhi.

Jihadhari pia na giza. Mary Somerville, aliyezaliwa Uskochi mwaka 1780, alipojipatia kitabu cha jiometri cha Euclid alikuwa akikisoma usiku chumbani. Wazazi waliona msichana atapata wazimu, wakaamuru mishumaa yake iwe inachukuliwa. Basi akawa analala chali gizani, anaanza kitabu cha kwanza, anajithibitishia kichwani kanuni moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku, hadi karibu avimalize vitabu sita vya mwanzo. Walitaka kumzuia, wakampokonya kitu pekee ambacho kingemwezesha kuchungulia. Mwaka 1831 alichapisha kitabu cha kuwafafanulia Waingereza kazi ya Mfaransa Laplace kuhusu mwendo wa sayari. Ndugu msomaji, umeme ukikatika, usilale chali. Tafuta simu yenye chaji.

Atakayekubana kuhusu juhudi zako, mtajie Ramanujan. Kila anayesoma peke yake humtaja Ramanujan: kijana wa Kumbakonam, India, aliyejifunza kwa kitabu kimoja, bila mwalimu, hadi akamwandikia barua mwanahisabati Hardy wa Cambridge mwaka 1913. Simulia mpaka hapo. Usiendelee kusema kwamba kitabu chenyewe, cha George Carr, kilikuwa orodha ya maelfu ya matokeo yenye maelezo kiduchu, na kijana akalazimika kuitafuta mwenyewe njia ya kufikia mengi yake, akiandikia kibao cha shule kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, akifuta kwa kiwiko. Wala usiseme alifeli mitihani ya chuo kwa kuyapuuza masomo mengine. Hadithi ikiwa ndefu hupoteza utamu.

Kwa upweke, jiunge na kundi la WhatsApp. Asubuhi kuna salamu zenye maua, mchana vitabu vya PDF ambavyo hakuna anayevifungua, na anayeuliza swali la pembetatu hujibiwa kwa tangazo la viwanja Kigamboni. Hapo uko salama kabisa. Mwenzako mmoja anayekaa mezani na kuuliza "kwa nini?" ndiye hatari, na kwa bahati mbaya wengi wetu tumemzaa. Akikuuliza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya, mwambie ndivyo ilivyo. Usimwandikie −3 mara 2 ni −6, mara 1 ni −3, mara 0 ni 0, kisha ukamwacha aone jibu linapanda tatutatu na kutaja mwenyewe linalofuata, maana atalitaja, na wewe utakuwa umelielewa pamoja naye.

Dalili za aliyekwisha kudhurika ni hizi. Anatembea na kipande cha karatasi chakavu mfukoni. Akiambiwa bei imepanda asilimia 20 kisha ikashushwa asilimia 20, hasemi imerudi palepale; anasema ya 100,000 sasa ni 96,000, na anamwangalia muuzaji. Hali ikizidi, haalikwi tena kwenye mikopo. Anafika kwenye ofisi ya kausha damu kukopa 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, arejeshe 30,000 kila wiki kwa wiki nne, na badala ya kusaini anaomba kalamu. Anasema: wiki ya kwanza nina 100,000 zenu, ya pili 75,000, ya tatu 50,000, ya nne 25,000, kwa wastani nakaa na 62,500 tu mwezi mzima, na riba ni 20,000, kwa hiyo asilimia yenu ni 32. Afisa mikopo anamsikiliza hadi mwisho, anaichukua fomu, anachungulia nyuma yake kwenye foleni na kumwita mteja anayefuata.