Aje Mwenyewe

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Magari,
Majimbo yote 50,
Marekani.

YAH: ADA YA GARI LA ASKARI ALIYE MISHENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya Corolla moja ya rangi ya fedha, iliyolala chini ya turubai uani kwangu tangu Novemba. Mwenyewe ni mpwa wangu. Nchi yenu, ambayo siku hizi ni yetu sote, ilimpeleka kazini mwezi huohuo, naye akaniachia ufunguo, hati ya uwakilishi yenye mhuri, na maneno matatu: "Mjomba, iwashe Jumapili." Nikawa nikiiwasha. Ilikohoa, ikatetemeka, ikatoa moshi kidogo, tukaagana mpaka wiki ijayo.

Kijana aliingia jeshini 2015, kupitia ule mpango ulioanza 2009 wa kuwachukua wahamiaji wenye lugha zinazotakiwa, Kiswahili kikiwamo. Jeshi likakaa, likafikiri, likamvusha bahari mbili na kumpeleka Ghuba ya Manda, Lamu, kwenye kambi inayoitwa Simba. Ananiambia kaskazi ikivuma usiku anasikia harufu ya mikoko na kwa dakika moja anajiona yuko kwa bibi yake Tanga. Ndiyo kambi iliyoshambuliwa na al-Shabaab alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, wakafa Wamarekani watatu. Kwa hiyo Februari, bahasha ya serikali ilipoanguka mlangoni, nilikaa kitini kwanza kabla ya kuifungua.

Ilikuwa yenu. Stika ya gari inaisha, ada ilipwe, ukichelewa kuna adhabu.

Nyuma ya karatasi, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa, palisemwa kwamba askari aliyepelekwa nje ya nchi anaweza kupata nafuu. Nikafurahi kama mjinga. Nikavaa koti, nikabeba bahasha ya nyaraka, nikaenda ofisini kwenu. (Jimbo silitaji. Mashemeji zangu wanaishi humo.)

Nilikaa saa mbili na dakika 40. Dirisha namba 7 alikuwapo mama mmoja mpole, miwani inaning'inia kwa mnyororo, na ukutani nyuma yake bango kubwa la kuwashukuru wanajeshi kwa utumishi wao. Akasoma hati ya uwakilishi mbele na nyuma. Akataka amri ya kumpeleka askari misheni, nikampa. Akataka hati ya mshahara inayoonyesha jimbo lake la nyumbani, nikampa. Akataka barua ya kamanda. Ilikuwapo, na saini, na mhuri. Nikaanza kuona naelekea kushinda. Hapo akasema fomu ya nafuu inasainiwa na mwombaji mwenyewe, mbele ya karani.

"Yuko Afrika," nikasema.

"Sawa. Akirudi, aje mwenyewe."

"Akirudi hatakuwa misheni tena."

Akafikiri kidogo, kwa huruma ya kweli. "Basi hatahitaji nafuu."

Waheshimiwa, nina wiki tatu nalitafuta kosa katika jibu hilo na sijaliona. Aliyepo haihitaji, anayeihitaji hayupo, na hazina haipungui hata senti. Kwetu Tanga mtu mwenye kipaji hicho hukabidhiwa sufuria la nyama siku ya harusi: wageni wote watakaribishwa, na nyama itabaki.

Tena kuna kipimo cha moshi. Gari halipewi stika mpaka lipimwe, haliwezi kwenda kupimwa bila kupita barabarani, na haliruhusiwi kupita barabarani bila stika. Kuna kibali cha siku moja, niliambiwa, kinauzwa dirisha namba 4. Foleni yake ni nyingine.

Sitaki kuwavunjia heshima kwa kusema hamfanyi lolote. Yapo majimbo yanayosamehe ada yenyewe, yapo yanayosamehe adhabu tu na kuiacha ada palepale, yapo yanayosogeza tarehe ili askari akitua tu uwanja wa ndege deni limpokee. Na mengi yanamuuzia pleti namba maalumu ya kijeshi kwa bei inayozidi ya kawaida. Hii naipenda kuliko zote, shukrani inayolipiwa na mwenye kushukuriwa. California unaweza kutangaza rasmi kwamba gari lako halitatembea, na tangazo hilo la kutotembea nalo lina ada yake. Nilimsimulia shangazi yangu kwa simu, akauliza kama huko mtu akilala mchana anakatiwa risiti.

Sheria mnayo, tena ya zamani. Mwaka 1940 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwakinga askari, ikaandikwa upya 2003. Kwa ufupi, jimbo ulikopangiwa kambi lisikutoze kodi ya gari ikiwa ada za kwenu umelipa. California ilijaribu kumkaba kapteni mmoja wa Jeshi la Anga, mkazi wa Washington aliyekuwa kambi ya Castle. Alikataa kusajili gari upya, akatiwa hatiani kama mhalifu, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1966 majaji waliamua kwamba ile asilimia 2 ya thamani ya gari aliyodaiwa ilikuwa kodi ya kutunisha hazina ya jimbo, si gharama ya kusajili, na kapteni hakupaswa kubanwa nayo. Taifa lilikuwa na vita Vietnam, na majaji wakuu wamekaa kitako juu ya ada ya gari la kapteni. Nawaheshimu kwa hilo.

Lakini kinga hiyo ni dhidi ya ugenini. Jimbo la nyumbani, lile linalomwita "mwanangu" na kumpigia bendi Julai 4, mkono wake uko huru mfukoni mwake.

Kwetu Tanzania, mwaka 2017, Waziri wa Fedha Philip Mpango alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Manung'uniko yalikuwepo na yalikuwa ya haki, maana ongezeko hilo lilimfikia hata bibi mwenye kibatari, ambaye hajawahi kumiliki hata tairi. Sidhani kama kuna aliyekuwa akimfikiria askari. Ila wakati huo wanajeshi wetu, JWTZ, walikuwa Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa, na gari la sajini lililobaki kambini Lugalo lililala bila deni kwa sababu halikuchoma mafuta. Hakuna fomu. Hakuna dirisha namba 7. Ajali ya kibajeti ilimfanyia askari ambacho majimbo mengi yenye mabango ukutani yanaona kigumu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Corolla idaiwe kwa mwendo wake. Nimepima kwa futikamba: tangu Novemba imetembea futi 11, siku niliyoisogeza ili nikwangue theluji, na mwezi Januari betri ilipokufa ikaacha hata kukohoa. Benki yangu haitoi hundi ya kiasi kidogo hivyo. Naambatisha senti moja, imebandikwa kwa gundi hapo chini. Chenji mbaki nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjomba

Nakala:
Mpwa wangu, Manda – kwa taarifa. Usihangaike, endelea kulinda.
Dirisha namba 4 – niko kwenye foleni.
Betri – kwenye jalada.