Kitako Kilichopimwa Julai

Wamarekani wana jambo moja lililonichukua muda kulielewa: kwao kitu cha fundi ni cha tajiri, na cha kiwandani ni cha kila mtu. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, ambako mambo yalikuwa kinyume. Kitanda chetu kilikuwa cha fundi, kabati la fundi, mlango wa fundi, na sare zangu za shule zilishonwa na fundi aliyenipima kwa jicho huku akimalizia soga na mteja mwingine. Kitu cha kiwandani, chenye lebo na nailoni ambayo ilikuwa marufuku kuibandua, ndicho kilichokaa sebuleni wageni wakione. Kwa hiyo nilipofika Wisconsin nikamsikia mfanyakazi mwenzangu akisema, kwa sauti ya chini ya kujivunia, kwamba ameagiza bunduki ya kuwindia kwa fundi, nilimwonea huruma. Nikadhani hana hela ya kununua ya dukani.

Wisconsin ni jimbo la jibini na baridi. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani na huchukua siku 9, na kwa siku hizo kiwanda cha jibini ninachofanyia kazi hubaki na wagonjwa, wasiokula nyama, na mimi. Wenzangu hawakulikubali hilo. Mtu ametoka Afrika, halafu hajui kuwinda? Nilijaribu kuwaeleza kwamba mnyama mkali kuliko wote niliyewahi kukabiliana naye Tanga ni bata mzinga wa jirani. Wakatabasamu. Waliona huo ni unyenyekevu wa mtu aliyeua simba.

Basi nikaingia darasani. Sheria ya Wisconsin inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye apate cheti cha usalama wa uwindaji kabla ya kununua leseni, na wengi hulimaliza somo hilo wakiwa watoto. Nilikaa kwenye kiti kilichonibana magoti, katikati ya watoto wa miaka kumi na miwili waliokuwa wakiniangalia kama mtu aliyerudia darasa mara nyingi kupita kiasi. Tulifundishwa kanuni nne: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, elekeza mtutu pasipo na madhara, hakikisha unajua unacholenga na kilicho nyuma yake, na weka kidole mbali na kifyatulio mpaka uwe tayari. Kila mwalimu alipouliza swali, binti wa pembeni yangu mwenye vyuma vya meno alijibu kabla sijamaliza kulitafsiri kichwani. Alifaulu. Nami nilifaulu, kwa kukaa karibu naye.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Cheti unacho, bunduki huna, na kila mwanamume katika kile kiwanda ni mshauri.

Wawili ndio walionishika zaidi. Wa kwanza nitamwita Bwana Dukani. Anaendesha foklifti, na anawinda kwa bunduki ya baba yake inayopiga risasi za .30-30, aina iliyotoka 1895 na ambayo hadi leo imejaa kwenye misitu ya huku. Kwake yeye jambo ni jepesi: nenda dukani, toa chini ya dola 500, rudi na bunduki yenye darubini juu yake, kalale. Wa pili ni Bwana Oda, yule niliyemwonea huruma. Huyu alinionyesha kwenye simu picha ya gogo la mjozi litakalochongwa kitako chake. Akaikuza picha ili nione michirizi ya mbao. Akaikuza tena. Mimi picha za mwanangu wa kwanza sikuwahi kumkuzia mtu kiasi kile.

“Bei gani?” nikamuuliza.

“Inaanzia dola elfu tano,” akasema, na neno “inaanzia” akalipitia haraka.

Niliporudi nyumbani nikamgusia mke wangu, ili kupima upepo.

“Elfu tano?” akasema Mama Salma. “Na nyama haijaingia ndani bado? Baba Salma, kwa hela hiyo tunanunua ng'ombe mzima, anakuja na ngozi yake, na halazimiki kukimbizwa.”

Lakini Bwana Oda hakuwa mjinga, na hoja zake zilikuwa na uzito. Kiwanda, alisema, kinamtengenezea mtu wa wastani, na mtu wa wastani hajazaliwa. Umbali wa kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kwa bunduki nyingi za dukani, ni inchi 13 na nusu hivi, uwe mchezaji wa kikapu au mpanda farasi wa mashindano. Fundi anapima mkono wako, shingo yako, upana wa kifua chako, hata shavu lako, ili ukiinyanyua bunduki jicho lijikute lenyewe nyuma ya darubini. Mtutu unachaguliwa, bolti inasuguliwa, na risasi zote zinatua mahali pamoja.

Bwana Dukani alikuwa akila sambusa za Mama Salma wakati huo, na alijibu bila kuziacha. Mahali pamoja kiasi gani? Kipimo wanachojisifia hapa ni risasi tatu kuingia ndani ya inchi moja kwa umbali wa yadi 100. Siku hizi bunduki nyingi za bei ya chini za kiwandani zinalifanya hilo. Na moyo na mapafu ya kulungu vimekaa kwenye eneo la inchi 8 hivi. Katika msitu wetu miti imebanana kiasi kwamba yadi 100 zenyewe ukiziona ushukuru. “Unalipa elfu tano,” akasema, “ili umkose kulungu kwa usahihi zaidi.”

Kisha akamwaga siri ambayo Bwana Oda hakuipenda: bunduki nyingi za fundi ni za kiwandani kwa ndani. Fundi huchukua mtambo wa kati, pale bolti inapoingia na kutoka, kutoka kwenye Mauser ya muundo wa 1898 au Remington 700 iliyoingia sokoni 1962, kisha anaujengea mtutu na kitako kipya. Na za kiwandani nazo zikizeeka hupandishwa cheo. Winchester Model 70 ilitoka 1936. Mwaka 1964 kiwanda kikabadilisha namna ya kuiunda ili gharama zishuke, na mpaka leo wapo wanaolipa fedha nyingi zaidi kwa sababu tu yao ilitoka kabla ya mwaka huo.

Bwana Oda, alipoona anazidiwa, akakimbilia kwetu. Akanikumbusha kwamba mwandishi Ernest Hemingway alipokuja kuwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933 alikuwa na Springfield iliyoundwa upya na Griffin & Howe wa New York. Nikamjibu kwamba Theodore Roosevelt, aliyetua Mombasa Aprili 1909 akiwa ndiyo kwanza katoka Ikulu, hakutaka kubishana na mtu: alibeba Winchester ya .405 ya kiwandani, Springfield ya jeshi iliyorekebishwa kitako na vilengeo ili imkae yeye, na ya mitutu miwili ya kampuni ya Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Nilikosea nikisema alibeba. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Kitako kilipimwa kwa bega la Roosevelt, lakini kutwa nzima kilikuwa kwenye bega la mtu mwingine, ambaye hakuna aliyemshikia futi.

Wiki zikapita. Fundi wa Bwana Oda alichukua nusu ya malipo mwezi wa Julai na kuahidi kazi itakuwa tayari kabla ya msimu. Septemba alisema anasubiri mtutu. Oktoba mtutu umefika, anasubiri hali ya hewa ikauke ili mafuta ya mbao yashike. Novemba hakupokea simu. Mimi nilikuwa nikimsikiliza Bwana Oda akisimulia haya kwa mshangao, na nilitamani kumshika mkono na kumwambia: ndugu yangu, huyo mtu namjua. Namjua tangu nikiwa na umri wa miaka saba, nimesimama kwenye baraza lake siku ya mkesha wa Idi, na suruali yangu bado ni kitambaa. Kumbe fundi hana taifa. Bunduki ilikabidhiwa Januari, kulungu wote wakiwa likizo.

Nikiri ilikuwa nzuri. Mjozi uliwaka kama chai ya rangi, na bolti ilikwenda na kurudi bila kutoa sauti. Bwana Oda akanialika uwanja wa shabaha niijaribu, labda nitaongoka. Tatizo la kitu kilichoundwa kwa ajili ya mtu mmoja ni kwamba kina wivu. Darubini ilikuwa imefungwa kwa kufuata shingo yake, na shingo yake ni ndefu. Yangu haipo. Ili nione vizuri ilibidi nisogeze uso mbele, nikasogeza, nikafyatua, na bunduki iliporudi nyuma ile darubini ikanichora nusu duara safi juu ya nyusi. Damu si nyingi, aibu tele. Nyumbani Mama Salma aliniangalia kwa muda, akaleta pamba, akauliza kama kulungu ana hali gani.

Msimu uliofuata ndipo Bwana Oda mwenyewe alipopata yake. Asubuhi ya Novemba mtu wa Wisconsin haingii msituni kama alivyo. Anavaa fulana ya joto, shati la sufi, sweta, jaketi lenye manyoya kwa ndani, na juu ya yote kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, kwa maana sheria inataka angalau nusu ya nguo za nje kuanzia kiunoni kwenda juu ziwe za rangi ya kuonekana. Akiwa amejaa hivyo, Bwana Oda aliinyanyua bunduki yake mbele yetu uani kwake. Kitako kikakwama kwapani. Akashusha, akapandisha, kikakwama kwenye zipu. Alipofanikiwa kukifikisha begani, mkono ulikuwa umenyooka hadi mwisho na kidole kinakitafuta kifyatulio bila kukipata. Fundi alimpima kwa ustadi mkubwa, inchi hadi robo inchi. Ila alimpima Julai, akiwa amevaa fulana.

Bwana Dukani hakucheka. Aligeuka akaangalia miti, mabega yakimtetema.

Mimi nilikwenda dukani. Nilijaza fomu ya serikali namba 4473, ambayo humuuliza mgeni mwenye kibali cha kuishi mambo ambayo hata shangazi yangu hajawahi kuniuliza, muuzaji akaulizia jina langu, nikasubiri mbele ya vichwa vya kulungu vilivyotundikwa ukutani, nikatoka na bunduki ya .30-06. Kitako chake ni cha plastiki nyeusi. Kinakuja na vibao vidogo vya kuongeza au kupunguza urefu, unafungua kwa bisibisi: kibao kimoja ndani wakati wa joto, nje wakati wa baridi. Hakuna atakayekuza picha yake.

Mama yangu alipopigiwa simu Tanga hakuuliza ni ya kiwandani au ya fundi. “Mwanangu, hiyo nyama tutaihesabu vipi? Kumbuka kusema Bismillahi kabla hujafyatua.” Nikamwahidi. Na asubuhi moja ya msimu, nimekaa juu ya kiti cha mtini tangu giza, pua siisikii, kulungu dume akatoka kwenye vichaka, karibu kiasi kwamba hata bata mzinga wa Ngamiani angempata. Nikanyanyua bunduki. Ikakaa begani vizuri kabisa. Nikasema Bismillahi, kama nilivyousiwa, kwa sauti ya mtu anayeheshimu mama yake. Kulungu akainua masikio, akanitazama, akaonyesha ule mkia mweupe, akaondoka. Mama aliposikia alifurahi. “Basi baraka kaichukua yeye,” akasema.

Nimewasikiliza wote wawili hadi mwisho, na mnaoniuliza nawajibu hivi. Bunduki ya fundi ni haki ya mtu wa mashoto aliyechoka kufikia bolti iliyo upande wa pili, ya mtu mfupi sana au mrefu sana, ya mwenye bega bovu, na ya yule anayeipenda mbao kwa ajili ya mbao yenyewe na ana mke asiyejua bei ya ng'ombe. Sisi wengine twende dukani. Kulungu haangalii kitako. Kinachomrudisha mwindaji nyumbani saa tatu asubuhi mikono mitupu, mara nyingi, ni vidole vya miguu vilivyoganda.

Kwa hiyo fedha niliyookoa nimeipeleka kwa fundi wa viatu, mzee mmoja wa mji jirani. Alinipima miguu yote miwili, kwa sababu alisema hakuna mtu mwenye miguu inayolingana, na kabla hajashika futi alinitupia soksi mbili nene za sufi akaniamuru nivae kwanza. Nikajua nimefika kwa mwenyewe. Nimemlipa nusu. Amesema viatu vitakuwa tayari Novemba. Ya mwaka gani, hakusema.